Kesingi ikitoboka huko chini, msikimbilie simenti

Kila nikirudi Tanga likizo siku hizi hakosi mtu wa kunikalisha chini anihoji mambo ya mafuta. Zamani nikishuka stendi Kange swali lilikuwa umetuletea nini, sasa hivi ni bomba tu, lile la mafuta ghafi kutoka Uganda. Tangu liwekwe lile jiwe la msingi pale Chongoleani mwaka 2017, mtu yeyote mwenye ovaroli lenye nembo anahesabiwa mtaalamu wa bomba, na mimi nimeshachoka kueleza kwamba kazi yangu ni visima, tena visima vya jangwani Oman, bomba nalisikia redioni kama nyie.

Halafu kuna wanaoamini Chongoleani patachimbwa visima. Jamani, hapana. Chongoleani ndio mwisho wa safari, mafuta yatatembea kilomita 1,443 kutoka Kabaale kule Hoima, yanapashwa moto njia nzima kwa sababu yana nta nyingi yakipoa yanaganda, yakifika hapa yanaingia matangi kusubiri meli. Visima vyenyewe viko Uganda karibu na Ziwa Albert, na ni vingi kweli, upande wa Tilenga, mmoja wa miradi ya kule, peke yake mpango ni zaidi ya 400.

Sasa juzi baraza la Barabara ya 12, ba'mdogo wangu mmoja fundi bomba mstaafu kaniuliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa pale. Kasema, "Haya bomba likitoboka mtafukua mtaziba, lakini kile kisima chenyewe, kile chuma kilichoko ardhini maelfu ya mita, kikitoboka huko chini nani anashuka?" Kabla sijajibu jirani yake kadakia, "Si wanamwaga simenti ya Simba tu inajaa yenyewe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila nikaahidi nitaandika, kwa sababu hata maofisini kuna wakubwa wenye mshahara mnene wanaofikiri hivyo hivyo kama yule jirani.

Tuanze na chuma chenyewe. Kisima hakiachwi tundu tupu kama kisima cha maji cha kijijini. Unachimba kidogo, unashusha mabomba ya chuma, unasukuma simenti ipande kwa nje kati ya chuma na mwamba, unasubiri ishike, unaendelea kuchimba kwa tundu dogo zaidi, unashusha mabomba mengine membamba ndani ya yale ya kwanza, hivyo hivyo mpaka unafika kwenye mafuta au gesi. Hayo mabomba ndio kesingi. Ya juu kabisa ni manene, ya mwisho mara nyingi ni inchi 7. Kila bomba moja lina urefu wa mita 12 hivi na yanafungwa kwa nyuzi kama za skrubu, kwahiyo kisima cha mita 1,600 kina viungo zaidi ya 130, na kila kiungo ni mahali pa kuweza kuvuja. Ndani ya kesingi ya mwisho tunashusha bomba jembamba zaidi, tubingi, ndimo mafuta yanamopandia. Chini kuna pakeri, mpira wenye chuma unaobana kati ya tubingi na kesingi ili mafuta yasipande pembeni. Ile nafasi kati ya tubingi na kesingi tunaiita anulasi A, kati ya kesingi hiyo na inayofuata ni anulasi B, na kuendelea. Shikeni hapo, anulasi ndiyo inayosema ukweli kila mara.

Kwa nini inatoboka? Kutu mara nyingi. Lakini kutu ya ndani na ya nje ni vitu viwili. Ndani inaletwa na unachozalisha, kama gesi yako ina kaboni dayoksaidi na kuna maji basi unapata asidi inayotafuna chuma taratibu, na kama kuna haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya maji moto ya Amboni, chuma kigumu kinaweza kupasuka bila kuaga. Ya nje inaletwa na maji yaliyoko kwenye miamba. Kule Oman kuna matabaka ya maji ya chumvi yako juu juu, mita mia chache tu, na kama simenti haikupanda vizuri wakati wa kujenga kisima basi chuma kimekaa kwenye maji hayo miaka yote kinaliwa kwa nje, na kwa ndani ukichungulia na kamera unaona kinang'aa. Mbali na kutu, kuna nyuzi zilizofungwa hovyo na vijana waliochoka saa tisa usiku, kuna bomba la kuchimbia lililosugua kesingi sehemu moja likizunguka mpaka ikawa nyembamba, kuna visima vinavyofunguliwa na kufungwa kila mara, chuma kinatanuka na kusinyaa mpaka viungo vinalegea.

Dalili zinaanzia juu, kwenye geji. Unapita asubuhi unakuta anulasi A ina psi 600 (psi ni kipimo cha presha) na jana ilikuwa sifuri. Usipige kelele bado. Kisima kikianza kutoa, maji yaliyofungiwa kwenye anulasi yanapata joto yanatanuka, presha inapanda yenyewe na hakuna kilichovuja. Kwahiyo unafungua vali ndogo, ya nusu inchi, polepole, unaelekeza kwenye tangi, unasikiliza na kuangalia kinachotoka. Utaratibu wa API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayoweka viwango, ni kwamba ikishuka hadi sifuri ndani ya saa 24 unaifunga, unaangalia saa 24 nyingine. Ikitulia pale chini lilikuwa joto tu. Ikirudi kupanda, ndugu yangu, una mgeni anayeingia, na kazi ni kujua anaingia wapi. Mimi napenda sana kuangalia kilichotoka kwenye ile vali kuliko kuangalia namba. Gesi kavu inakuambia jambo moja, maji ya chumvi jambo lingine, maji yenye dawa tuliyoweka wenyewe jambo lingine kabisa. Wapo mainjinia wanaandika namba wanaondoka, ndoo hata hawaitazami, inaniuma sana.

Anayedhani nakuza mambo asome habari za Aliso Canyon kule California. Pale ni ghala la gesi, eneo la zamani la mafuta wakawa wanasukumia gesi chini kuihifadhi. Kisima kimoja, SS-25, kilichimbwa miaka ya 1950, na gesi ilikuwa inapita kwenye tubingi na kwenye kesingi vilevile, maana yake kesingi ile ya inchi 7 ndiyo ilikuwa kinga pekee, nyuma yake hakuna kitu. Tarehe 23 Oktoba 2015 ikapasuka kama mita 270 tu kutoka juu. Maji ya ardhini yalikuwa yameila kwa nje. Walijaribu kukiua, yaani kukizima kisitoe tena, kwa kusukuma maji mazito kutokea juu, mara kadhaa, kikayatapika yote. Ilibidi wachimbe kisima kingine kutokea pembeni mpaka kikakutane na kile kibovu huko chini kabisa, wakakidhibiti tarehe 11 Februari 2016. Karibu tani 100,000 za methani zilienda hewani na maelfu ya familia zikahamishwa. Bomba la inchi 7 hilo, lililoliwa na maji.

Ba'mdogo anajua hii kwa nyumba. Ukuta wa sebule una doa la maji, fundi mjinga anabomoa penye doa, kumbe bomba limevuja bafuni maji yametambaa ndani ya ukuta. Kisimani ni hivyo hivyo, presha unayoiona juu imetoka popote. Sasa hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, nasema kila siku na wanaonilipa hawapendi kusikia, kutafuta tundu ndio kazi, kuziba kunakuja baadaye.

Njia ya kwanza ni kushusha vifaa kwa waya. Kipimo cha joto kinaenda chini kinachora mstari, na mstari unatakiwa upande taratibu kadri unavyoshuka maana ardhi ina joto, ukiona umejikunja ghafla sehemu moja, hapo kuna kitu kinapita. Gesi ikipenya tundu dogo inatanuka inapoa, kwahiyo unaona baridi mahali pasipo na sababu ya baridi. Kuna cha kusikiliza sauti pia, maikrofoni kabisa, unasimamisha waya kila mita chache, kimya, unasikiliza. Kuna chenye vidole vingi vinavyogusa ukuta wa ndani kupima matundu na mikwaruzo, na kuna cha sumaku-umeme kinachopima unene wa chuma chote, hicho ndicho kinakwambia habari za nje. Ukiwa na kidole bila sumaku umeona nusu ya ugonjwa.

Njia ya pili ni ya mikono na ndiyo naipenda. Rigi ya wakova, yaani mtambo wa kukarabati kisima, inakuja, unaua kisima kwa maji mazito, unatoa tubingi yote. Unashusha plagi, kizibo kinachoweza kutolewa, unaikaza chini, juu yake unashusha pakeri. Tuseme kesingi ni mita 1,600. Unakaza pakeri mita 800, unasukuma maji chini yake mpaka psi 1,000, unafunga pampu, macho yote kwenye chati ya presha. Kalamu ikichora mstari ulionyooka, huko chini ni kuzima. Unasukuma juu ya pakeri, kalamu inateremka, basi tundu liko nusu ya juu. Unapandisha pakeri mita 400, unarudia. Kisha 200 au 600, inategemea. Mwisho unapandisha na plagi, unabaki na kipande cha mita chache kimebanwa kati ya plagi na pakeri, unasukuma maji pale tu, unaangalia yanakwenda kwa kasi gani na kwa presha gani. Hiyo kasi ndiyo inayochagua dawa. Tundu likipokea mapipa mawili kwa dakika bila kuhangaika, hilo ni tundu la simenti. Likipokea vikombe viwili kwa saa, simenti haipiti, usijidanganye.

Sasa jirani yetu wa simenti ya Simba. Simenti ya Simba inatoka Pongwe hapo, nyumba yetu imejengwa kwayo na haina tatizo, ila kisimani tunatumia ya daraja la G, ya API, inayosagwa na kupimwa ili tujue itaanza kuganda baada ya muda gani kwenye joto na presha ya kule chini. Tunaiwekea dawa za kuichelewesha, na dawa za kuzuia maji yake yasinyonywe na mwamba, maana maji yakinyonywa mapema unabaki na unga mgumu umeziba mlango na ndani hakijaingia kitu. Hata hivyo chembe zake kubwa zinafika karibu sehemu ya kumi ya milimita, ufa mwembamba haziingii. Kuna simenti laini zaidi, chembe chini ya maikroni 15 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hiyo inaingia pembamba kiasi, bei yake ndio inakutoa jasho.

Kuziba kwa simenti tunaita skwizi. Kwanza unamwaga mchanga juu ya ile plagi ya chini, usipofanya hivyo simenti itaizika na kesho utakuwa na tatizo jipya la kuchimba. Halafu unapeleka simenti mpaka penye tundu, unasukuma kidogo, unasimama. Dakika kumi, kumi na tano. Unasukuma robo pipa, unasimama tena. Presha inapanda hatua kwa hatua, kila ukisimama inashuka kidogo kuliko mara iliyopita, na wewe hapo pampuni mkono uko kwenye throto huthubutu hata kwenda kukojoa. Ukiharakisha unapasua mwamba, simenti yote inakimbilia huko na tundu linabaki wazi linakutazama. Ikishika unasubiri siku nzima hivi, unashusha bit, kile kichwa cha kuchimbia, unachimba ile iliyobaki ndani ya bomba, unapima presha upya. Skwizi ya kwanza kufeli ni jambo la kawaida kabisa kwenye kazi hii, wala mtu hashangai.

Ninachokasirikia ni hiki. Kulikuwa na kisima kikuukuu, kampuni siitaji, mkubwa mmoja wa ofisini akakataa tusishushe kipimo cha unene kwa sababu eti rigi inakula hela kwa saa, tundu mshalijua, pigeni skwizi. Tukapiga. Ikashika vizuri, tukachimba, tukaanza kupima, presha inapanda vizuri, mara paa, kalamu imeanguka. Tundu tuliloziba halina shida, lililofunguka ni jingine mita chache juu yake, ukuta ulikuwa mwembamba ile presha ya kupimia yenyewe ikautoboa. Skwizi nyingine. Likafunguka jingine. Siku walipokubali kushusha kipimo picha ikaonyesha kesingi imeliwa kipande kirefu, chote kilichopita kwenye lile tabaka la maji, unaziba tundu kwenye chuma ambacho ni karatasi. Ikabidi laina, yaani bomba jipya refu ndani ya lile la zamani, na zile pesa za rigi walizotaka kuokoa zilishakwenda mara nyingi zaidi.

Kwa matundu yale ya vikombe viwili kwa saa kuna resini. Haina chembe ndani, ni kimiminika kitupu chenye kigandisho, inaingia mpaka kwenye nyuzi za viungo na ikiganda inabaki na unyumbufu kidogo, chuma kikitanuka nayo inakwenda. Ila lazima ujue joto la pale hasa, kigandisho kikizidi inaganda ndani ya bomba lako ukiwa bado unasukuma. Kuna pia dawa fulani ambayo inabaki majimaji mpaka ikutane na mahali presha inaposhuka ghafla, yaani penye tundu, hapo ndipo inaganda. Mara nyingi hata huhitaji kutoa tubingi. Ni nzuri kwa viungo vinavyolia kidogo kidogo, kwa tundu la kuingia kidole ni kutupa hela.

Chuma kikiwa kibaya sana unavisha chuma kingine. Kiraka ni bomba fupi la chuma linaloshushwa likiwa jembamba, kisha koni inavutwa ndani yake kwa nguvu za haidroliki, linatanuka linabana ukuta wa kesingi. Unapoteza upana kidogo tu. Laina ni bomba refu kabisa, kwa kesingi ya inchi 7 unaweka ya inchi 5 hivi, unaibana juu na chini kwa pakeri au unaitia simenti, tatizo ni kwamba kuanzia siku hiyo kila kifaa kitakachoshuka kisima hicho lazima kipite inchi 5, hata pampu ya umeme uliyozoea inaweza isipite tena. Na kama tundu liko juu ya pale simenti ya nje ilipoishia, kuna njia safi kuliko zote, unakata kesingi chini ya tundu, unaivuta yote nje, unashusha mpya yenye kiungo kinachomeza kile kisiki kilichobaki. Nikipewa kuchagua nachagua hiyo siku zote. Wahasibu hawaichagui.

Ba'mdogo aliuliza kama mambo haya yapo kwetu. Yapo. Songo Songo gesi iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika 2004, hesabu mwenyewe hicho chuma kimekaa ardhini miaka mingapi, na baadhi ya visima vya pale vilishafanyiwa wakova kwa sababu ya kutu kwenye tubingi. Tubingi ni afadhali, unaitoa unaweka nyingine, imewekwa iliwe yenyewe kabla ya kesingi. Ila wanaosimamia visima vyetu wawe wanaziangalia zile anulasi kila siku na waandike, wasingoje harufu.

Na kisima kikishindikana kabisa kinazikwa, plagi za simenti kadhaa kutoka chini mpaka juu, kila moja inapimwa, kesingi inakatwa chini ya uso wa ardhi, unachomelewa mfuniko. Hapo ndipo simenti ya jirani yetu inapomwagwa kwa wingi kweli, akafurahi niliposema hivyo.

Kuna dogo mmoja wa Chumbageni alikuwepo siku ile, kanifuata pembeni kaniuliza asomee nini aingie huku. Nilimwambia kozi za mafuta na gesi zenye jina kubwa zimejaa watu wenye vyeti wasio na kazi, aende VETA akajue kuchomelea na haidroliki sawasawa, Kiingereza cha kuandika ripoti, hesabu za ujazo azipige kichwani, mapipa kwa mita, maana pampuni hakuna muda wa kutafuta kikokotoo. Na cheti cha H2S, usalama wa ile haidrojeni salfaidi, akipate mapema, bila hicho getini hapiti.